Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Februari

Kikapu kimeshuka saa nne. Nilikuwa dirishani — kwa bahati tu, bila shaka. Bwana Catello wa ghorofa ya nne hukiteremsha kwa kamba hadi kwa muuza mkate, na njiani kinapita kwenye roshani yangu, ghorofa ya pili. Tangu Novemba, kila Jumamosi jioni, namwekea kipande cha piza nilichokifunga kwa kitambaa. Jumatatu kitambaa hurudi kimefuliwa, kimepigwa pasi, na limau ndani. Mwanamume anayepiga pasi! Marehemu Ruggero wangu hakujua hata pasi inakaa wapi.

Leo hakuna limau. Kuna karatasi. Jumapili anakwenda Torino, kaskazini kabisa, binti yake kamwekea chumba, anataka ahamie moja kwa moja. "Piza zako nitazikumbuka."

Nimeisoma mara sita. Torino! Huko watu wanakula huku wakitazama saa.

Jumanne, 4 Februari

Nimechana karatasi tatu. Ya nne nimeandika: Jumamosi njoo ule piza mezani, ikiwa ya moto, saa mbili usiku. Nikaiweka kikapuni, nikaitoa, nikairudisha. Bwana Catello akauliza kutoka juu kama kamba imekwama. Nikasema ni upepo.

Nina miaka sitini na mitatu.

Nataka kumwambia abaki Napoli. Hilo tu. Hapa naliandika bila taabu, mbele yake sijui.

Jumatano, 5 Februari

Atakuja! Ameuliza alete nini. Nimemjibu: njaa.

Nimeshona shati la mteja, mkono wa kushoto nimeuweka kulia. Nimefumua huku naimba.

Alhamisi, 6 Februari

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Titina, dada yake Ruggero, anakaa mlango wa jirani na ana ufunguo wangu. Aliingia, akanitazama nywele.

"Wifi, umepaka rangi. Nani kafa, au nani anaoa?"

Nikasema Bwana Catello anakuja kula. Akaweka kikombe chini. Nikajikaza, nikamwomba kijiko cha chachu ya mama mkwe. Chachu hiyo imo ndani ya chupa tangu kabla ya vita. Titina huilisha unga kila siku na kuisemesha kuliko anavyonisemesha mimi.

"Chachu ya mama ni ya piza ya nyumba hii," akasema. "Siyo ya kulishia wanaume wa ghorofa ya nne."

Akaenda zake, hata kahawa hakumaliza. Iliniuma. Ruggero ana miaka saba kaburini, na mimi ndiye niliyemlilia kila usiku, si chachu.

Nimenunua hamira dukani.

Jumamosi, 8 Februari, asubuhi

Nimekanda tangu saa kumi na mbili. Nimechora msalaba juu ya donge kama mama alivyonifundisha. Baridi kali, kwa hiyo beseni limelala kitandani kwangu, chini ya blanketi la sufu, upande wa Ruggero. Nimecheka peke yangu. Nimechungulia mara nne. Linaumuka! Jibini inachuruzika maji, nyanya ziko tayari, majani ya mrehani nayo kutoka kwenye chungu cha dirishani. Maji nimeshayavulia nguo.

Jumamosi, saa mbili na robo usiku

Naandika nimesimama chumbani. Wanadhani natafuta shuka.

Titina alikuja saa moja, hakualikwa, amevaa hereni. Nikasema moyoni, amekuja kunilinda. Mara kengele — Bwana Catello, kabla ya saa mbili! Napoli nzima hakuna anayewahi, ila yeye. Titina akampokea koti na kofia, akavipeleka chumbani, akavitupa kitandani kama tunavyofanya na vitu vya wageni wote.

Kisha akapiga kelele. Kofia kitandani! Hapa kwetu kofia kitandani ni padri amekuja kumwombea anayekufa. Akajitupa aiondoe kabla mkosi haujaingia, na goti lake likatua katikati ya beseni langu. Beseni likapinduka. Donge lote likaingia kwenye sufu ya blanketi.

Bwana Catello alisimama mlangoni. "Bi Ersilia, mimi mkate unanitosha."

Sikujua nilie au nicheke. Nilifanya vyote. Titina alitoka, nikasikia mlango wake ukifungwa. Nikajua basi, usiku umekwisha.

Dakika mbili baadaye alirudi na beseni lake, goti bado jeupe. Donge lake la Jumamosi, limejaa, laini, lina ile harufu chachu ya jikoni kwa mama mkwe.

"Nilikanda nyingi," akasema. "Usinitazame hivyo, wifi. Washa tanuri."

Nilimkumbatia, akanisukuma, nikamkumbatia tena. Bwana Catello alikunja mikono ya shati akaponda nyanya kwa vidole. Titina akamwambia aponde taratibu, hafui soksi. Trei ikaingia. Moto wa mwisho kabisa.

Hapo ndipo Titina alipokiona kikapu kwenye kiti cha mlangoni. Kile kile. Akachungulia ndani.

"Unakuja kwa watu na kikapu kitupu?"

"Si kitupu, kina kamba," Bwana Catello akajibu, masikio yamemwiva. "Nimeikata. Kutokea ghorofa ya pili, nusu inatosha."

Mimi nikasema naenda kutafuta shuka safi, nikakimbilia huku.

Mwandiko wangu umekuwa wa kuku. Torino haijatajwa. Sentensi yangu ya tangu Jumanne bado ninayo mdomoni, sijaisema. Harufu ya piza imefika mpaka hapa, kingo zitaungua nisipotoka. Kofia yake iko juu ya kabati, Titina ameiweka mwenyewe.

Mlango wa roshani unafunguliwa. Baridi inaingia. Namsikia Titina: "Ile kulabu ya ukutani aliipigilia kaka yangu, haitoki. Lakini hiyo kamba yako ifunge mafundo mawili."