Nilitafsiri Kiapo cha Yusuf

Aabo,

Baba yangu, amani ikufikie huko ulikotangulia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho shule ilichonifundisha kuandika, na kwa sababu kwa Kisomali ningeanza kulia kabla sijafika kwenye jina la ndugu yangu Yusuf.

Sijaja kaburini kwako siku hizi. Hooyo, mama yangu, tangu atoke eda anakuja peke yake, mimi namwambia nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Anajua si kweli. Naona haya, Aabo. Naona haya hata kusimama mbele ya mawe yako.

Ulipofariki, Yusuf alichukua mifugo. Usimfikirie vibaya tangu mwanzo, kwani alijitahidi. Kiangazi kilikuwa kirefu, kupe walijaa masikioni mwa mbuzi na chini ya mikia, naye alitaka Buna yetu yote ione kwamba mwanao anaweza. Akanunua dawa ya kupe kwa mchuuzi aliyetoka Mandera. Tangu serikali ya Somalia ng'ambo ya mpaka ianguke, dawa zinapita huko kama sukari. Hii ilikuwa ndani ya chupa ya soda, haina karatasi wala jina. Mchuuzi alimwambia amimine kidogo kwenye maji. Kidogo ni kiasi gani, Yusuf hakuuliza. Alimimina mpaka maji yakawa meupe kama maziwa, akadhani hiyo ndiyo nguvu yake.

Aliwanyunyizia mbuzi wetu kwa pampu karibu na kisima, jioni. Aliporudi, shuka lake lilinuka kama kitunguu saumu kilichooza. Nikamuuliza pampu ameioshea wapi.

"Pale kwenye hori," akasema. "Si kuna maji?"

Na masalio ya dawa je? Aliyamwaga humo humo. Alisema asubuhi watu watateka maji mengine, makali yatapungua. Nilikumbuka ulivyokuwa ukiteka maji ya hori kwa kiganja na kuyaonja kabla hujawaita wanyama, nami nikiwa mdogo nikakucheka nikisema Aabo ndiye mbuzi wa kwanza. Nilikumbuka, Aabo. Halafu nikaenda kupika.

Asubuhi aliyewahi kisimani alikuwa Eedo Dahabo, yule mjane jirani yetu tunayemwita shangazi ingawa si damu yetu. Unajua mbuzi wake walikuwa ndio mume wake, ndio shamba lake, ndio kila kitu. Walikunywa horini wakiwa na kiu ya siku nyingi. Jua halijapanda vizuri, wakaanza kuanguka. Mate yaliwatiririka kama kamba, wakaharisha, nyama ya mapaja ikawa inachezacheza chini ya ngozi, wakipumua kwa kelele. Watu wakafanya kile ambacho kila mtu hufanya: wakakimbilia visu, wawahi kuwachinja kabla hawajafa, nyama isiwe haramu. Muda si mrefu nyama ilikuwa inaning'inia kwenye miiba na moto umewashwa. Unajua njaa ilivyokuwa mwaka huu.

Kulikuwa na daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja ngamia, amefikia kwa chifu. Ni mtu wa bara, hajui Kisomali. Nikaitwa kutoka darasani nije nitafsiri.

Alimshika kidevu mbuzi mmoja aliyekuwa bado hai, akamfunua jicho. Mboni ilikuwa imesinyaa ikawa kama ncha ya sindano.

"Mwalimu, waulize," akaniambia. "Jana walikula wapi? Wamekunywa wapi? Kuna aliyetumia dawa yoyote, ya kupe, ya minyoo, ya kuulia wadudu?"

Nikauliza. Watu wakatazamana. Daktari akaendelea, na mimi nikitafsiri nyuma yake: "Macho haya yananifanya nishuku dawa ya kupe. Lakini ipo pia mimea inayoua haraka namna hii, hasa mnyama akiwa na njaa akala asichokizoea. Sindano nilizo nazo ni chache. Kinachoponya sumu moja hakifanyi kitu kwa nyingine. Lazima nijue ni nini, imeingilia wapi, na kiasi gani."

Yusuf akatoka katikati ya watu. Asubuhi hiyo alikuwa amewaficha mbuzi wetu nyuma ya boma kwa sababu wao pia walikuwa wanatetemeka. Alisimama mbele ya wazee, mbele ya Eedo Dahabo mwenye damu mpaka viwikoni, akainua kidole.

"Wallahi, hakuna aliyetumia dawa hapa."

Wote wakanigeukia mimi, maana mdomo ulikuwa wangu.

"Anaapa kwa Mungu," nikamwambia daktari, "kwamba hakuna aliyetumia dawa."

Nilisema vizuri, Aabo. Kiswahili safi, bila kosa, kama ninavyowafundisha watoto. Uongo wa mwanao ulipita kwenye ulimi wangu ukatoka umenyooka.

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaelekea vichakani kuchungulia majani yaliyotafunwa. Nami nikabaki nimesimama. Wanafunzi wangu wenyewe walikuwa wamefika na sahani, wamekaa karibu na sufuria. Kwa mbali vumbi lilikuwa linakuja, ngamia wa watu wengine wakielekea kisimani.

Eedo Dahabo akanijia. Ameshika kitu amekifunika kwa jani. "Ini," akasema. "Mpelekee mama yako, bado yuko kwenye eda. Mwambie anisamehe, leo sina kingine."

Amepoteza zizi zima, na bado alimkumbuka Hooyo.

Sikulipokea. Nilipiga kelele, sijui hata nilianza na neno gani. Nilisema nyama isiliwe. Nilisema ngamia wazuiwe, sumu iko kwenye hori, ni dawa ya kupe. Kisha nikamkimbilia daktari nikamwambia yote kwa Kiswahili, chupa ya soda, maji meupe, pampu, mbuzi wetu nyuma ya boma.

Yusuf alinitazama. "Abaayo," akasema polepole, kama alivyoniita dada tukiwa watoto. "Mimi, unaniumbua mbele ya watu?"

Daktari hakupoteza muda kumlaumu mtu. Wanaume walizuia ngamia kwa fimbo. Hori likapinduliwa mbali na kisima. Alichoma sindano mbuzi waliokuwa bado wanapumua, akawanywesha wengine mkaa uliosagwa ukakorogwa na maji. Wa kwetu, ambao sumu iliwaingia kwa ngozi, akaamuru waoshwe kwa sabuni, na waoshaji wafunike mikono kwa mifuko ya plastiki. Wengine walisimama kabla ya adhuhuri. Wengi wa Eedo Dahabo hawakusimama. Nyama yote ilizikwa kwenye shimo refu, ikafunikwa miiba, na watu wenye njaa walisimama wakiangalia inavyofukiwa. Hakuna aliyekuwa ameila, alhamdulillahi. Wanawake walimwaga mchuzi mchangani.

Wazee walikaa. Wakaamua Eedo Dahabo apewe yule ngamia wako mwekundu pamoja na ndama wake. Waliamua kwa haki. Hooyo alimfungua mwenyewe, hakutaka Yusuf amguse.

Sasa sikia linalonichoma. Wananisifu, Aabo. Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya shule nzima akasema mwalimu Habiba alisema ukweli dhidi ya damu yake. Watoto wakapiga makofi. Watu wanadhani nilijua dakika ile ile. Na Yusuf, ambaye hasifiwi na mtu, yuko kisimani kila siku anajenga hori jipya kwa mikono yake, peke yake juani, watu wanampita bila salamu. Mimi pia nimempita. Nilishika njia ya upande wa pili ili tusionekane pamoja.

Jana sikuweza kuvumilia tena. Nilikwenda kwa Eedo Dahabo asubuhi kabla ya shule. Nikamwambia kwamba nilijua tangu jioni ile. Kwamba daktari aliuliza, nikajua, nikatafsiri kiapo. Kwamba kama ningesema pale pale, labda mbuzi wake wawili watatu wangekuwa wanatembea.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikaa na chombo cha kukamulia mapajani, akakifuta ukingo kwa ncha ya shuka. Ngamia wako alikuwa amesimama nyuma yake, kiwele kimejaa, ndama anapiga kelele.

"Hataki mkono wangu," akasema. "Kila siku ananipiga teke. Njoo umshike."

Nikamshika shingo. Nikamwimbia ule wimbo wako wa kukamulia, ule usio na maneno mengi. Alikataa, akakataa, halafu maziwa yakashuka. Eedo Dahabo akakamua. Alipomaliza hakunipa, wala mimi sikutegemea kupewa. Alifunika chombo tu akaniambia, "Kesho uje mapema kuliko leo."

Leo nimekwenda. Nikitoka huko nilipitia kisimani, nikamsalimu Yusuf kwa sauti, watu wakisikia. Aliendelea na kazi yake. Nilimshikia ndoo ya mchanga mpaka kengele ya shule ikalia.

Lala salama, Aabo. Mungu akupanulie kaburi na akutilie nuru humo. Ijumaa nitakuja na Hooyo, nitasimama pale hata kama nitashindwa kuinua macho. Na kwa Eedo Dahabo nakuahidi nitakwenda kila alfajiri, nimshike ngamia, mpaka amzoee na aukubali mkono wake, mpaka siku Eedo atakaponiambia hana haja nami tena.

Binti yako,
Habiba