Faini Ambayo Haijaja

Tingi, Kilwa

Mdogo wangu Abdulwahab,

Assalaam alaykum huko Maskati. Mama magoti yamempa nafuu kidogo. Mwanao ameota meno mawili, na akiletewa uji anagombania kijiko. Ule mkorosho wa nyuma ya choo tumeukata, ulishaliwa na mchwa.

Barua yako nimeipata. Umenishukuru kwa jinsi nilivyokimbiza gari siku ile nikimpeleka shemeji Saida hospitali ya Lindi, damu haikati baada ya kujifungua. Mama, aliyebaki na mtoto, ndiye aliyekuambia hivyo. Sikumkatalia, na kwenye simu nimeshindwa kukuambia.

Abdu, pale mjini Lindi wamefunga kamera za mwendo kasi. Zamani ningepunga kanga dirishani, trafiki angeona nina mgonjwa, angetupisha. Kamera unaibembelezaje? Nilishapigwa faini mbili, na ya tatu ilikuwa inaondoka na leseni yangu. Basi nikashusha mwendo hadi hamsini, kamera ya kwanza mpaka ya mwisho, na barabara ilikuwa nyeupe. Saida akaniuliza, "Shemeji, mbona unapunguza?" Mimi macho kwenye mshale wa mwendo. Tulipofika getini mwa hospitali alikuwa hapumui tena.

Faini huingia kwenye simu baada ya siku mbili tatu. Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile. Kila nikiamka naishika simu kwanza, naomba niikute, hata moja.

Haijaja, ndugu yangu.

Ni mimi kaka yako,
Sadick