Chumba Ambacho Mawimbi Hayafiki

Jumatatu, 8 Aprili

Kliniki ya watoto. Wachache, kwa sababu ya mvua. Nimepima, nimechanja, nimejaza kadi. Kabla sijafunga, habari ikafika: barabara ya kushuka Moshi imekatika pale darajani. Ukingo wote umeporomoka. Gari la wagonjwa halipandi, pikipiki haipiti. Mnara wa simu umezimika tangu jana. Kilichobaki ni mtandao wa zahanati, ule wa dishi la kwenye paa na umeme wa jua.

Aikande, wifi yangu, yuko kwa mama yake hapa juu. Mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Mtoto ametanguliza matako. Alikuwa ashuke hospitali kubwa Alhamisi, akangoje siku zake huko. Sasa atashukaje? Mume wangu, kaka yake, yuko tambarare kwenye mashamba ya miwa. Hajui lolote.

Mganga wetu wa zahanati naye amekwama mjini. Mkunga ni mimi peke yangu. Naogopa.

Jumatano, 10 Aprili

Daktari Neema wa hospitali kubwa amekubali kuniongoza kwa video. Ofisini namwona vizuri, mpaka hereni zake. Nikaibeba tableti hadi chumba cha uzazi. Kuta za mawe, nene, za zamani. Yeye ananiona. Mimi simwoni. Sauti inakuja vipande: "...usi... mguu... sub..."

Mtoto akiwa ametoka nusu, vipande hivyo vitanifaa nini?

Kumzalishia ofisini haiwezekani. Hakuna maji, hakuna oksijeni. Waya wa kisambaza mtandao ni mfupi, hakiwezi kuhama. Nimemwandikia fundi Elisante, aliyekifunga mwaka jana. Amejibu kwamba kile kisanduku kina uwezo wa kulenga mawimbi. Yeye anaiita bimfomingi. Badala ya kuyatawanya kila upande, antena zake zinashirikiana kuyaelekeza kwa kifaa kimoja. Niangalie kama imewashwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Imewashwa. Nimezima, nimewasha. Vilevile.

Nimemwandikia fundi maneno makali. Hakustahili. Aikande amelalamika kiuno.

Ijumaa, 12 Aprili

Fundi amenielewesha. Ili kisanduku kijue pa kulenga, kifaa lazima kijibu: nakusikia hivi, niko huku. Tableti yetu ni ya zamani, haijui kujibu. Kwa hiyo inarushiwa tu kama kila mtu. Simu yangu ni hivyohivyo. Inatakiwa simu mpya, ya miaka hii. "Tafuta huko huko, dada," ameandika. "Mimi siwezi kuvuka."

Nitafute wapi? Nimepita nyumba kwa nyumba kwenye matope. Simu za tochi. Simu zilizopasuka. Padre anayo nzuri, naye yuko ng'ambo ya daraja.

Nilirudi nimelowa, nikamchungulia Aikande chumbani; mama mkwe yuko jikoni anamenya ndizi. Nikasema waifai imekata kule chumbani. Yeye akasikia wifi amekata roho. Alikaa chini palepale, kisu mkononi. Nilimshika mabega nikamweleza, nikalia mimi. Alipopata pumzi akauliza, "Sasa hiyo simu, nani anayo?"

Tulijua sote wawili. Kalisti, jirani. Binti yake alimletea Krismasi. Lakini Kalisti na mama hawasalimiani tangu ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Hata kanisani wanakaa pande mbili.

"Bora nife," mama akasema.

Nilichoka. Nilimchukia kidogo.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama ameamka akakata jani la isale. Kwetu, mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huwezi kumkataa. Nilimfuata nyuma. Nikamwamkia Kalisti, "Shikamoo, baba." Mama alinyoosha jani. Kalisti alilipokea.

"Ungesema tu ni kwa ajili ya mtoto," akasema. "Ningeleta mwenyewe."

Simu yake inafanya kazi. Chumba kilekile, mlango umefungwa, na Daktari Neema kama yuko dirishani. Bado naogopa. Sasa naogopa mikono yangu.

Jumapili, 14 Aprili

Uchungu umeanza asubuhi. Waliotoka kanisani wamembeba Aikande kwenye machela.

Simu niliifunga kwa kanga kwenye nguzo ya dripu. Matako, miguu, mgongo. Daktari kila mara: "Usivute. Mwache ateremke." Ni vigumu mno kutovuta. Kisha kichwa kikakwama. Aikande alikuwa anapiga kelele za Kichagga, anamwita mama. Daktari akasema nimlaze mtoto juu ya mkono wangu, vidole kwenye mashavu, niinamishe kidevu. Mama mkwe, aliyekuwa pembeni, akandamize juu ya kinena. Mama alikandamiza huku anasali.

Picha ikaganda. Nikasema moyoni, basi. Ikarudi.

Alitoka wa bluu. Kimya. Hewa kwa barakoa. Tena. Tena. Kisha sauti ndogo, kama ya paka. Msichana.

Damu ya Aikande ilichelewa kukata. Imekata.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua imepungua. Vijana wamechimba njia ya miguu kando ya daraja. Jumatano walimshusha Aikande na mtoto hospitali wakaangaliwe. Mume wangu amewapokea huko. Wote wazima.

Leo sikwenda zahanati. Mganga amerudi. Nimekaa barazani kwa mama mkwe, sina la kufanya. Mama alikuja na bakuli la mtori wa moto, ndizi za kupondwa, nyama nyingi, siagi juu. Mtori wa mzazi, wa aliyetoka kujifungua. Mimi sijawahi kuzaa. Humu ndani hatulisemi hilo.

Akaliweka mapajani mwangu, akarudi jikoni.

Nimekula wote.