Jiwe la Kinu cha Uccle

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba ambayo huioni ikikulowesha, lakini jioni unaisikia kwenye mifupa.

Tunafanya kazi Uccle, huku Ulaya, ndani ya kinu cha zamani cha upepo. Babu yake madame mwenye nyumba alisaga ngano humo. Vinu vya umeme vikamnyang'anya wateja, mabawa yakang'olewa, wanajeshi wakakaa juu wakati wa vita, halafu njiwa. Sasa tunakigeuza kuwa nyumba.

Jana nilikuta jiwe la kusagia chini ya mbao zilizooza. Mikato yake ilikuwa imelika, limebaki laini kama sahani. Baba yangu alikuwa na kinu cha mahindi kule kwetu Likasi, Katanga. Jiwe likilika hivyo, alilivunja na vipande vikaenda kujaza msingi. Nami nikajifanya fundi. Nikachukua mashine ya kupasulia mawe kutoka kwa Papa Hamisi, Mrundi tunayefanya naye kazi, nikalivunja, vipande nikavitandaza jikoni, pale itakapomwagwa sakafu.

Sikumuuliza mtu.

"Ninyi Wakatanga," Papa Hamisi alinicheka, akitaja ugali wetu wa mahindi, "kila jiwe munaliona bukari!"

Leo madame alikuja na mchoro. Jiwe la babu yake lilitakiwa kukaa mlangoni, limechongwa jina lake. Alipoona vipande jikoni alilia mbele yetu, mtu mzima mwenye nywele nyeupe.

Bosi akauliza ni nani aliyelivunja.

Papa Hamisi akasema ni yeye.

Alifukuzwa pale pale, buti zake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimkimbilia hadi kituo cha tramu.

"Mutoto, kadi yako ya ukaazi inaisha mwezi ujao. Bila hii kontrati ya kazi watakurudisha kwenu. Miye niko na uraia, watanifanya nini?"

Nilitaka kumshika mkono. Akauingiza mfukoni.

"Bon. Lakini usinipigie simu tena."

Ana miaka hamsini na nane na goti bovu. Nani atamchukua?

Niko chumbani, sijala. Naona aibu. Na niseme ukweli, naona nafuu pia, na hiyo nafuu ndiyo inayonitisha.

Kesho asubuhi gari la zege linakuja kumwaga sakafu ya jikoni. Nitamwambia bosi ukweli kabla, au nitangoja zege likauke?