Jicho la Kushoto la Nasra

Jumamosi, 5 Julai

Nimeshona bendi za kichwa saba tangu asubuhi. Nne za kitenge cha njano, tatu za bluu. Lastiki imeisha, ya nane imebaki nusu. Kesho nakwenda Kisarawe kwa mdogo wangu Mwajuma. Jumatatu ni Sabasaba, kiwanda kimefungwa, kwa hiyo nitalala huko. Kamera nimechaji. Betri ya akiba pia.

Nasra, binti yake, anatimiza miaka miwili mwezi huu. Nimempiga picha kila mwezi tangu azaliwe, na kila mara namvalisha kitu nilichoshona mwenyewe. Wenzangu kazini wananiambia nifungue studio hapa Kongowe ya Kibaha. Sitaki. Wiki nzima niko kiwandani Zegereni nakagua viroba vitupu vya unga, natafuta uzi uliokatika na chapa iliyopinda. Siku ya mapumziko nataka kushika kitu kisicho na msimamizi.

Jumatatu, 7 Julai

Nimerudi saa kumi. Magari matatu na vumbi. Mgongo unauma.

Nasra ana maneno mapya. Ananiita Maku, yaani mama mkubwa. Bendi ya njano imempendeza sana. Ila Mwajuma kanichosha. Kila nikimweka mtoto sawa, anakuja kuivuta bendi chini upande wa kushoto mpaka inafunika nyusi. Mimi naipandisha, yeye anaishusha. Mara ya nne nikamuuliza kama haipendi. Akasema jua linamwumiza mtoto. Tulikuwa ndani. Kulikuwa na giza mpaka nikatumia flashi.

Nikaendelea kupiga. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni, na mbele ya yule mama huwa nachunga maneno.

Jumanne, 8 Julai

Baada ya kazi nimeingiza picha kwenye kompyuta. Picha ya kumi na tisa. Jicho la kulia la Nasra lina nukta nyekundu, kawaida ya flashi. La kushoto ni jeupe. Mboni yote nyeupe, inang'aa. Ya ishirini hivyo hivyo. Ya ishirini na tatu pia.

Nimefuta lenzi. Nimemwomba mama Neema, jirani, akae sebuleni nimpige. Macho yake yote mawili yametoka mekundu. Akauliza kuna nini. Nikamwambia najaribu kamera.

Kamera ni nzima.

Jumatano, 9 Julai

Nimefungua picha za miezi yote. Juni, jicho jeupe chini ya ukingo wa kofia, sikuliona. Mei, nusu ya mboni. Machi na kurudi nyuma, hakuna kitu.

Picha ya Aprili ina macho yote mawili meusi, safi. Nimeitazama kwa muda mrefu kabla sijakumbuka. Lile jicho nililipaka mwenyewe. Niliona kidoa cheupe, nikadhani flashi imeharibu, nikakikuza kwenye kompyuta na kukipaka rangi nyeusi. Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikampelekea Mwajuma. Imetundikwa sebuleni kwao.

Nalipwa kwa kutambua kasoro. Hii niliiona, nikaifuta.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda kwa daktari wa macho mjini Kibaha. Mwanamke, kijana kuliko mimi. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliikuza, akaitazama, akaniuliza mtoto ana umri gani na yuko wapi. Akasema inaweza kuwa mtoto wa jicho. Inaweza kuwa kitu kingine. Nikamwomba ataje hicho kitu kingine. Hakutaka. Nilipouliza mara ya tatu ndipo akasema saratani.

"Kwa picha siwezi kusema ni ipi," akasema. "Lakini mlete wiki hii, usingoje mwezi ujao. Kama ni saratani, inatembea kuelekea kwenye ubongo."

Amenipa barua ya kwenda hospitali kubwa Dar. Naogopa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia Mwajuma saa ya chakula cha mchana. Nilipofika kwenye neno "jicho" akakata simu. Nimempigia mara tano zaidi. Haipatikani.

Kesho naenda.

Jumamosi, 12 Julai

Mambo yameharibika.

Niliwakuta wote. Mwajuma anachambua mchele. Idd, mumewe, fundi ujenzi, alikuwa amepumzika, saruji imeisha huko wanakojenga. Mama yake Idd kwenye mkeka na Nasra mapajani. Nikaamkia, nikaeleza taratibu, nikatoa simu na kuonyesha picha mbili.

Idd alizitazama bila hasira. "Shemeji, mtoto anacheza, anakula, halii. Mgonjwa gani huyo?"

Nikasema ugonjwa huu hauumi mwanzoni. Akainuka, akanyoosha kidole kwenye fremu ukutani. "Mbona hapa macho yote mazima? Na hii si umempiga wewe, juzi juzi tu?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema ile ya Aprili niliirekebisha. Kulikuwa na doa, nikalipaka.

"Kumbe unaweza kubadilisha jicho la mtu kwa kompyuta," akasema. "Basi tutajuaje hili jeupe hukulipaka wewe?"

Nikaomba nimpige tena kwa flashi pale pale, akakataa. Nilimtazama mdogo wangu anisaidie. Hakuinua uso kwenye ungo. Akasema, "Dada, wewe umezoea kutafuta kasoro."

Halafu mama mkwe. Alisema polepole, kama anayenionea huruma, kwamba mimi sikuzaa, siwezi kujua mtoto anavyokua. Macho ya watoto hubadilika. Nisiwaletee mkosi nyumbani.

Nina miaka arobaini na moja. Neno hilo nimeambiwa mara nyingi. Leo limeuma kuliko siku zote kwa sababu Mwajuma alikuwepo na akanyamaza.

Barua ya daktari niliiacha juu ya mkeka. Sijui kama kuna aliyeiokota.

Jumapili, 13 Julai

Sikutoka. Nimekata vitambaa vya vipochi, nimevikosea vipimo vyote. Nimevitupa.

Nawachukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumatatu, 14 Julai

Msimamizi ameniita. Nimepitisha viroba vilivyochanika mdomo, mzigo mzima. Ameuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo.

Nahesabu miezi. Aprili, Mei, Juni. Aprili tungekuwa tumeshafika hospitali. Aprili kilikuwa kidoa tu.

Jumanne, 15 Julai

Nimerudi kutoka kazini nimemkuta Mwajuma amekaa kizingitini kwangu, Nasra mgongoni, mfuko mmoja wa nguo. Barua ya daktari ilikuwa ndani ya sidiria, imelowa jasho.

Kwao ameaga kwamba anakwenda kliniki. "Kliniki ni kliniki," akasema. "Sijadanganya."

Alikunywa maji, akalia, akasema. Aliuona ule mng'ao mwezi wa tatu. Alikuwa ananyonyesha, tochi ya simu ikamulika uso wa mtoto, jicho likawaka kama la paka. Akamwambia mama mkwe, akaambiwa asitamke tena. Akanyamaza. Akaanza kumvutia kofia, kilemba, bendi zangu, chochote cha kufunika upande ule. Hakutaka mtu mwingine aone, maana mtu mwingine akiona litakuwa kweli.

"Halafu ukaniletea ile picha ya Aprili," akasema. "Macho mawili meusi. Nikajiambia basi, nilikuwa naota. Nikalala usingizi."

Sikuweza kumtazama. Nikamwambia anisamehe. Akasema na yeye nimsamehe. Hatukuendelea. Nasra alikuwa anamwaga vifungo vyangu sakafuni, tukainama sote kuokota.

Jumatano, 16 Julai

Dar, hospitali. Tumetoka Kongowe alfajiri, tumeonwa saa nane mchana. Foleni ya watoto, wengine miwani minene, wengine wamefungwa bandeji. Mwajuma hakula kitu.

Daktari, mzee wa sauti ya chini, alimulika macho yote mawili, akaandika kwenye faili. Wamempa kitanda; Mwajuma amemtumia Idd ujumbe kwamba mtoto amelazwa. Keshokutwa watampa dawa ya usingizi wamwangalie vizuri hadi nyuma ya jicho.

Nimeomba likizo ya dharura. Wamenipa siku kumi.

Ijumaa, 18 Julai

Ni saratani.

Jicho la kushoto limejaa uvimbe. Halioni kitu, na huenda halijaona kwa miezi. La kulia ni safi. Uvimbe bado uko ndani ya jicho, kwa vile wanavyoweza kuona, ila haupaswi kungojwa. Jicho litolewe. Daktari alisema hivyo hivyo, kwa neno hilo. Mwajuma akauliza kama linaweza kutibiwa likabaki. Akasema, "Mama, tunaokoa mtoto. Jicho limeshakwenda."

Wanataka baba naye asaini fomu ya upasuaji. Mwajuma alimpigia Idd mbele yangu. Nilisikia sauti ikitoka kwenye simu: "Msimguse mwanangu mpaka nifike."

Jumamosi, 19 Julai

Idd amefika saa nne asubuhi na nguo za kazi, saruji kwenye viatu. Hakunisalimu. Alimchukua Nasra kitandani, akatoka naye ukumbini. Mwajuma alidhani anaondoka naye, akamkimbilia. Mimi nikafuata.

Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, akampakata mtoto, akatoa biskuti mfukoni. Akamfunika jicho la kushoto kwa kiganja. Nasra akacheka, akaidaka biskuti. Idd akampokonya, akamfunika la kulia. Akaipeleka biskuti mbele ya uso wake, karibu kabisa. Nasra akatulia. Mikono ikabaki mapajani. Kisha akaanza kuusukuma mkono wa baba yake na kulia.

Idd alirudia. Mara ya tatu akampa biskuti yote.

Watu walipita na machela, hakusogeza miguu. Nilitaka kumchukia bado, nikashindwa. Hatimaye aliniita bila kunitazama.

"Shemeji. Fomu iko wapi?"

Alisaini akiwa amesimama. Kalamu ilitoboa karatasi.

Jumanne, 22 Julai

Wamemwingiza chumba cha upasuaji saa tatu. Aliondoka ananipungia, Maku, Maku, anadhani tunacheza.

Saa tano hakuna habari. Saa tano na nusu hakuna. Idd anatembea. Mwajuma anasoma dua midomo ikicheza bila sauti. Mimi nimehesabu vigae vya ukuta hadi nikakosea.

Saa sita na robo wamemtoa. Bandeji nusu ya uso. Anapumua vizuri.

Mwajuma amenishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zimeacha alama. Sijautoa.

Alhamisi, 24 Julai

Nasra amekula uji, akataka mwingine. Anavuta bandeji. Manesi wanamgombeza, anawacheka.

Jana nilishona kwa mkono kifuniko cha jicho, pamba laini ndani, khanga nje, lastiki nyembamba isiyobana. Nilikifanya vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushona. Mwajuma alikigeuza geuza mkononi, akanirudishia.

"Hapana, dada. Nimefunika vya kutosha."

Nilitaka kukasirika. Nikakitia mkobani.

Daktari kasema kilichotolewa kimepelekwa maabara. Wataangalia kama ugonjwa umeingia kwenye mshipa ulio nyuma ya jicho. Kama umeingia, kuna dawa kali, miezi mingi, na hakuna anayeahidi kitu. Tungoje kama wiki mbili.

Jumapili, 27 Julai

Wamewaruhusu. Idd amewapeleka Kisarawe. Mimi niko Kongowe, nyumba kimya. Sijagusa cherehani wala kamera.

Ijumaa, 1 Agosti

Hakuna majibu. Simu ikilia moyo unaruka. Ilikuwa ni mtu wa kuuza king'amuzi.

Kazini nakagua kila kiroba mara mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Mwajuma amepiga saa nne na dakika kumi. Nilitoka kwenye mashine nikaenda kusimama nje ukutani.

Alikuwa analia na sikuelewa chochote. Idd akachukua simu. Akasema haujaingia kwenye mshipa. Uliishia ndani. Hakuna dawa kali. Atapimwa jicho la kulia kila baada ya muda, kwa miaka, na baadaye atawekewa jicho la bandia. Ila haujaingia.

Kisha akasema, "Ahsante, shemeji," na simu ikakatika.

Nimekaa chini kwenye vumbi, sare ya kazi na yote. Mlinzi amekuja kuuliza kama nimeanguka.

Ningependa kusema kwamba nimefurahi. Kwa sasa nimechoka tu. Na najua kwamba tumepona kwa bahati, si kwa ujanja wangu. Hilo nitaishi nalo.

Jumapili, 24 Agosti

Kisarawe tangu jana. Kidonda kimekauka. Hawamfuniki. Majirani walitazama siku mbili tatu, sasa wamezoea.

Asubuhi mama mkwe alinikaribisha chai na mihogo. Hakusema lolote juu ya siku ile na mimi sikuuliza. Nasra alikuwa uani anakimbiza kuku. Akajigonga kwenye kigoda upande wa kushoto, akasimama, akakizunguka, akaendelea.

Baadaye alikuja kula mkekani. Bibi yake alikuwa amekaa kushoto kwake, anamwita, mtoto anageuza shingo yote kumtafuta. Yule mama akajiinua taratibu kwa magoti yake mabovu, akazunguka nyuma yangu, akaja kukaa upande wa kulia.

"Niko huku, mwanangu," akasema.

Nasra akamwona. Akampa kipande cha muhogo.