Kalkuleta Iliyoombewa

Jumanne, Kasulu

Nami nilivyojisifu! Juzi nilipeleka kalkuleta ya Neema madhabahuni, ile inayochora grafu yenyewe, ikaombewa mbele ya kanisa zima. Nani mwingine hapa ana binti wa hesabu kidato cha sita?

Leo akifunga begi arudi shule, ananiambia, "Mama, niliona aibu kukwambia pale. Kwenye mtihani hairuhusiwi, inahifadhi kanuni ndani."

"Sasa ina faida gani?"

"Nachora kwa mkono kwanza, halafu inanionyesha nilipokosea. Simu ya kuangalizia shuleni hatuna, mama."

Mtihani ni wiki ijayo, na mimi nimeombea chombo kitakachobaki bwenini.

Nikamshika mkono wa kulia, umechafuka kwa penseli. Maneno ya mchungaji sina. Nikasema tu, Ee Imana, Mungu wetu, wa kuombewa ni mkono huu...