Usimguse Mpaka Umkabidhi

Jumatatu, 24 Oktoba 1994

Siku ya kwanza ya kufundisha. Nimerudi nyumbani Gatsata sauti imekauka kabisa, lakini nimefurahi, niseme ukweli. Wanafunzi ishirini na sita wa polisi mpya, ghala tupu la Gikondo, paa lina matundu ya risasi na jua linatuchagua mmoja mmoja. Wametoka kila upande – Uganda, Burundi, Zaire, wachache wa hapa hapa. Kila mtu na Kiswahili chake! Mimi na changu cha Karagwe.

Somo: kumkamata mtu na kumfunga. Pingu tunazo nne, ufunguo mmoja, nao anatembea nao mfukoni mkuu wetu, Afande Rugamba. Kamba hakuna. Nikakumbuka tunavyofunga mzigo kwenye baiskeli kule kwetu. Nikaenda gereji ya jirani kuomba tyubu kuukuu. Fundi anaitwa Évode, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mtu wa mzaha. Viganja vilikuwa vimejaa oili, kwa hiyo akanipa kifundo cha mkono nimsalimie, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye mikono michafu. Tyubu sita, bure. Akacheka, ati zikafunge wezi wote wa Kigali, amechoka kuibiwa spana.

Tukazikata vipande virefu. Viwiko nyuma, zungusha, vuta. Mpira haulegei, ndio uzuri wake. Nikawaambia mambo mawili ambayo mimi mwenyewe niliambiwa. La kwanza: ukishamfunga, usimguse mpaka umkabidhi, maana mwizi hutoroka pale unapomlegezea. La pili: wote hulia mikono, usisikilize. Wakaandika. Hodari kuliko wote ni msichana mmoja wa Mbarara, Pretty, miaka ishirini na mbili. Anaandika kila neno. Nikikohoa nadhani anaandika pia.

Alhamisi, 27 Oktoba

Wageni wa Umoja wa Mataifa, watatu, na kamera. Afande amenitambulisha: mwalimu wetu, sajini wa polisi Tanzania.

Sikuwa sajini. Sikuwa hata polisi! Mgambo wa kijiji, miaka tisa, kazi ni kufukuza wezi wa ng'ombe na kuwapeleka kwa mtendaji wa kata. Nusu saa ya kutembea, si zaidi. Agosti, tuliporudi kutoka Karagwe, wanajeshi waliuliza nani hapa amewahi kufanya kazi ya polisi, nikanyoosha mkono, nikadhani watauliza zaidi. Hawakuuliza. Basi leo nikakaza kifua nikapiga saluti, na mmoja wa wageni akanipiga picha.

Nilipomsimulia mke wangu, nilidhani atacheka. Mukasine hakucheka. Aliendelea kuchambua maharage.

Jumatano, 9 Novemba

Mazoezi ya kwanza nje, mitaa ya Gikondo. Yamekwenda vizuri. Wamekamata mtu mmoja, betri ya gari la mteja imepotea gereji. Pretty ndiye aliyefunga. Alama tisa kwa kumi. Gari la kumchukua mtuhumiwa lilichelewa kidogo. Mvua kubwa jioni. Chai, kulala.

Sina la zaidi.

Ijumaa, 11 Novemba

Lipo la zaidi.

Mtu aliyekamatwa ni Évode. Fundi wa tyubu. Wamemfunga kwa mpira wake mwenyewe.

Walimfunga saa mbili asubuhi. Gari letu ni moja, na lilikuwa limewapeleka wageni Kiyovu hotelini. Mimi nilipita saa nne kukagua. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, viwiko nyuma, wanafunzi sita wamemzunguka. Aliponiona alifurahi. Alifurahi! Akasema, "Mwalimu, ni mimi. Mikono yangu iko nakufa."

Wote wakanitazama, wasikie nitasema nini. Nikainama nikakagua fundo. Vidole vilikuwa vimevimba, vimekuwa vyeusi-vyeusi. Niliviona. Sitajidanganya hapa kwenye daftari, niliviona vizuri, maana nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikamwambia Pretty, fundo zuri, nikaandika tisa. Nikaondoka. Njiani nilijiambia kwamba nikimlegezea mbele yao, somo lote limeharibika. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na nilitembea nayo mpaka kwa muuza chai.

Gari lilifika saa nane. Saa sita nzima.

Betri imepatikana jana, kwa dereva wa yule yule mteja. Évode akaambiwa aende zake. Na leo muuguzi wa zahanati, Pudentienne, amekuja mpaka ghalani kwa miguu kwenye tope lile. Mama mzima, hana makelele. Akauliza nani anafundisha hapa. Akasema mikono yote miwili ya Évode imelegea kuanzia vifundoni, vidole havishiki kitu, havisikii sindano wala maji ya moto. Huenda vikarudi kwa miezi, huenda visirudi. Ana watoto wanne, mke alikufa Aprili, yeye ndiye mama na ndiye baba.

Kisha akaniuliza, taratibu tu, kama tulitumia mpira. Nikamjibu kwamba nitafuatilia. Nitafuatilia! Kana kwamba sijui pa kuanzia.

Jumamosi, 12 Novemba

Sikwenda popote. Nimekaa sebuleni kwa mtu nisiyemjua – maana nyumba hii si yetu, tuliikuta tupu, kalenda ya mwenyewe bado iko Aprili ukutani na hakuna anayethubutu kuibandua. Hata daftari hili ni lake. Tulikuta mapya kumi kabatini, jalada la bluu. Moja nimelifanya la masomo, moja hili.

Nimemwambia Mukasine kila kitu. Nilidhani atanituliza. Akaniuliza kama namkumbuka yule mwizi wa ndama kule Karagwe, tuliyemfunga siku ile mtendaji alipokwenda harusini tukamsubiri mpaka jua likatua. Nikasema sikumbuki. Akasema yeye anamkumbuka, kwa sababu alikuwa akimuuzia chai. Mwaka mzima baadaye mtu yule alikuwa anashika kikombe kwa vifundo viwili, na yeye Mukasine ndiye aliyekuwa akimwekea sukari na kumkorogea.

Namkumbuka. Nilikuwa nikimwona anaingia, natoka kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo nilijua. Sijui nilikuwa nimeliweka wapi, lakini nilijua, na bado nikasimama mbele ya watu ishirini na sita nikasema wote hulia mikono.

Jumatatu, 14 Novemba

Aibu. Niandike neno hilo kwanza, halafu mengine.

Afande Rugamba ameniita asubuhi. Barua imetoka juu. Wanataka kujua kosa ni la mafunzo au ni la mwanafunzi. Kama ni la mwanafunzi, atavuliwa sare na kuwekwa ndani. Kama ni la mafunzo – hapo hakumalizia, alinitazama tu, halafu akasema anajua kwamba sajini wa miaka mingi hawezi kusahau kuwafundisha kulegeza. Nilete daftari la masomo saa kumi.

Nikaenda nyuma ya ghala. Chini ya ukurasa wa tarehe 24 palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nikaandika: Legeza kila robo saa. Kalamu ile ile, mwandiko ule ule. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu.

Saa kumi Afande akawapanga wanafunzi wote, akasoma ule mstari kwa sauti. Akauliza nani anakumbuka. Mmoja akaangalia buti zake, wote wakaangalia buti zao. Wanajua! Lakini nani atamwambia afande kwamba mwalimu amesema uongo?

Pretty alifungua daftari lake. Akautafuta ule mstari. Akapitisha kidole ukurasa mzima, akageuza, akarudi nyuma, akapitisha tena. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa nimeomba aseme tu, "Haupo." Angesema vile, ningekiri, naamini ningekiri. Lakini akafunga daftari, akasimama wima.

"Kama mwalimu anasema alitufunza, basi alitufunza, afande. Ni mimi sikuandika."

Hakusema kwa hasira. Hakuwa ananitega. Aliniamini kuliko anavyoyaamini macho yake, na Afande akaitikia kwa kichwa akasema, vizuri, basi ni la mwanafunzi.

Jumanne, 15 Novemba

Wamemnyang'anya mkanda na buti. Yuko kwenye stoo ya madebe, mlango una kufuli. Taarifa itasainiwa Alhamisi, halafu atapelekwa gerezani, kesi baadaye, na kesi siku hizi zinasubiri sana. Watu wamejaa ndani hata hawana pa kulala.

Nimempelekea viazi vitamu na maharage ya Mukasine. Mukasine alifunga chakula, na nilipofika mlangoni akaniambia, "Huyo msichana ana mama."

Pretty alikula kidogo. Akaniomba radhi kwa kunitia aibu mbele ya afande. Halafu akaniomba nimweleze tena ile ya robo saa. Unalegeza vipi, unashika wapi ili asitoroke. Hataki kusahau mara ya pili.

Nikamweleza! Mungu wangu. Nilikaa juu ya debe nikamfundisha kitu ambacho sikuwahi kukifundisha, na yeye akafuatisha kwa vidole hewani.

Jumatano, 16 Novemba

Leo darasa nimempa mwenzangu. Nimesema malaria. Nimekusanya vipande vyote vya mpira ghalani, nikavihesabu, nikavirudisha sandukuni. Sikuvichoma. Sijui kwa nini sikuvichoma.

Mukasine haongei nami ila vitu vya lazima. Maji yamekwisha. Mlango haufungi. Hivyo.

Alhamisi, 17 Novemba

Benchi la nje ya ofisi ya Afande. Saa tatu na robo. Nimeitwa kusaini taarifa. Sijawahi kuandika humu mchana, mbele za watu, lakini nisipoandika nitaondoka.

Évode alikuwa amekaa hapa hapa kabla yangu. Sikumtegemea. Alisimama akanipa kifundo cha mkono. Nikakishika kama siku ile, na bila kufikiri nikatazama oili iko wapi. Hakukuwa na oili. Viganja safi kabisa, kucha safi, vinaning'inia. Fundi wa magari! Nikakaa benchini.

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu Ijumaa. Akaniambia kwamba hakuja kushtaki, amekuja kumwombea yule binti. Anasema binti huyo alimpa maji mara mbili, alimshikia kikombe mdomoni, na alimfuta uso kwa leso yake mwenyewe. Mara ya tatu alipomwambia mikono inakufa, machozi yalimtoka yule binti, lakini akasema mwalimu amekataza. Évode akamwambia, sawa, basi tungoje mwalimu apite. Walikuwa wananingoja mimi.

Halafu akanigeukia, akainua mikono kidogo na vidole vikabaki vinaangalia chini.

"Wewe ndio mwalimu ya hii kazi," akasema. "Vidole itarudi lini?"

Aliniuliza kwa heshima, kama mtu anavyomuuliza daktari. Nikamwona yule mtu wa Karagwe na kikombe chake. Nikamwambia vitarudi. Nikasema, ihangane, vumilia, miezi miwili, mitatu, vitarudi. Akashukuru! Uso wake ulifunguka kabisa, akasema basi atawaambia watoto.

Sasa ameingia. Mlango hauzibi vizuri, nasikia. Afande anamwambia maombi yake yameandikwa lakini sheria ni sheria, asaini hapa chini. Karani anasema, shika hivi, mzee. Kitu kimeanguka sakafuni, kalamu nadhani. Wameiokota. Imeanguka tena. Sasa karani anauliza wino wa dole gumba uko wapi.

Nina madaftari mawili mapajani, yote ya bluu, yote ya mwenye nyumba. La masomo lina ule mstari. Hili lina tarehe 24 Oktoba, mwandiko wangu, na hakuna robo saa yoyote. Usimguse mpaka umkabidhi. Wote hulia mikono. Limeandikwa jioni ile ile, nikiwa nimefurahi. Nikimpa Afande hili, atasoma pia habari ya sajini, na ya mgambo, na ya fundo zuri. Atasoma yote. Pretty atarudishiwa buti zake na mimi nitaingia kwenye ile stoo ya madebe, nikipata bahati. Naweza kuchana ukurasa mmoja tu nimpe. Lakini ukurasa mmoja hauna kosa langu lote, na mtu ataniuliza mengine yako wapi. Naweza pia kutompa kitu. Kusaini ni sekunde moja, kwa mtu mwenye vidole.

Évode ametoka. Dole gumba lina wino. Amenipita, akanipa tena kifundo, akasema tutaonana gereji.

Karani ameita jina langu. Nimesema nakuja, namalizia kuandika.

Ameita tena.